Mwalimu Notburga Luambano na Hadithi ya Gego

Mwalimu Notburga Luambano anastaafu tarehe 30 Juni 2026, baada ya miaka thelathini na sita ya kufundisha, ishirini na saba kati ya hiyo akiwa nasi hapa shuleni Mshangano. Nilipoombwa kuandika wasifu wake kwa ajili ya sherehe hii, alinipa sharti moja: nisipoandika habari za Asma, nisiandike kitu. Mama yake Asma naye ameridhia. Basi nimeandika.

Alianza kazi mwaka 1990 Nakapanya, Tunduru, akiwa na miaka ishirini na minne, sanduku la bati na godoro. Watoto wa Darasa la Kwanza walizungumza Kiyao; Kiswahili walikisikia dukani tu. Anasema muhula ule wa kwanza wao ndio waliomfundisha yeye, na mpaka leo akikasirika sana, hukasirika kwa Kiyao.

Mwaka 1999 alihamia kwetu, akapewa Darasa la Pili. Watoto mia moja na kumi na wawili, vitabu kumi na vinne. Wengi walikariri ukurasa mzima kwa kusikia. Hata ukiwageuzia kitabu juu chini, waliendelea "kusoma" vilevile. Ilimsumbua kwa miaka. Mwaka 2012 alichana mifuko ya saruji, na upande wa ndani akaandika na kuchora hadithi ya dinosaria, mmoja wa wale mijusi wakubwa wa kale ambao mifupa yao ilichimbwa Tendaguru, kule Lindi. Akamwita Gego, kwa ajili ya meno yake ya kutafunia, na kwa kuwa wiki hiyo alikuwa akifundisha ga, ge, gi, go, gu. Gego alikuwa amepotezana na mama yake. Kila mwaka hadithi ilianza upya: kila Jumatatu ukurasa mmoja ulitundikwa ukutani, na hakuna aliyesomewa. Aliyetaka kujua Gego amefika wapi, ilimbidi asome mwenyewe.

Watoto walimwamini Gego mno. Mmoja alileta taya la ng'ombe kutoka buchani Mfaranyaki, akaapa kuwa ni la Gego, nalo likakaa juu ya kabati mpaka harufu ikatushinda. Mthibiti ubora wa shule aliyekuja kukagua na kuuliza kama dinosaria wamo kwenye muhtasari aliombwa achague mtoto yeyote asome. Akachagua watatu. Hakuuliza tena.

Waliochelewa kushika aliwabakiza nusu saa baada ya masomo. Jumatano ya tarehe 15 Machi 2017 alimbakiza Asma peke yake, binti wa miaka minane wa Mzee Muhsini, mkulima aliyehamia hapa kutoka Namtumbo. Asma alikuwa mtoto mkimya. Akiulizwa mbele ya wenzake, alitazama chini. Mimi nilikuwa mwalimu wa zamu siku hiyo. Niliona mawingu upande wa milima ya Matogoro, nikafunga ofisi, nikapanda bodaboda nikaenda zangu. Wenzake Asma walikuwa wameshavuka kijito cha njia ya nyumbani kabla ya mvua. Yeye alifika akiwa peke yake, maji yamepita juu ya daraja la miti. Walimkuta kesho yake asubuhi, bondeni kwenye bustani za mboga.

Msibani, mwalimu mkuu wa wakati huo alimshauri Mwalimu Notburga asiseme mengi. Hakumsikiliza. Alipiga magoti mbele ya Mzee Muhsini, akamweleza kuwa yeye ndiye aliyembakiza mtoto. Mzee Muhsini alijibu kwamba amesikia, akamwomba aondoke. Hajazungumza naye tangu siku hiyo, na hakuna hata mmoja wetu anayemlaumu.

Mwalimu alirudi darasani akabandua kurasa zote. Hadithi ya mwaka huo ilikuwa haijaisha. Akafundisha kwa ubao na kitabu, na hakumbakiza mtoto tena. Mvua ikinyesha, aliongozana nao hadi kijitoni na kuwavusha mmoja mmoja akiwashika mkono. Ikizidi, walikaa naye darasani mpaka maji yapungue. Alikonda.

Mwezi Septemba mwaka huohuo, Mama Asma alikuja shuleni na daftari. Yeye hakuwahi kusoma. Alitaka asomewe yale aliyoandika mwanawe. Nilikuwapo ofisini. Mwalimu alipekua mazoezi ukurasa baada ya ukurasa, akisoma kwa sauti ndogo. Wa mwisho ulikuwa na mstari mmoja ambao mwaka huo haukuwa umeandikwa ubaoni wala kutundikwa ukutani, maana darasa halikuwa limefika huko: "Gego amepata mama." Herufi zilikuwa zimelala upande, lakini hakuna hata moja iliyokosewa.

"Kumbe alikuwa anajua," Mama Asma akasema.

"Alikuwa anajua," Mwalimu akajibu. "Mimi ndiye sikujua."

Mama Asma akaweka kidole juu ya mstari ule. Kisha akamwambia kwamba anataka kuusoma kwa macho yake mwenyewe, amfundishe.

Kurasa zikarudi ukutani. Siku tatu kwa wiki, akitoka shambani, Mama Asma aliketi dawati la nyuma la Darasa la Pili. Ilimchukua mwaka mzima. Siku alipousoma mstari ule bila kusaidiwa, Mwalimu alitoka nje, nasi tukamwacha.

Kazi haikusimama. Mwaka jana, kati ya watoto tisini na wanane wa darasa lake, tisini na mmoja walimaliza wakisoma vizuri, na walimu wa kata za jirani wamekuja kunakili kurasa za Gego. Barua kumi na moja alizoandika kuhusu kijito zilileta daraja la zege mwaka 2021, miaka minne baada ya siku lilipohitajika. Tulipopendekeza lipewe jina lake, alikataa.

Leo risala ya wazazi itasomwa na Mama Asma. Ameiandika kwa mkono wake.

Mwalimu Notburga, tunakushukuru kwa miaka yote hii, na kwa kutukataza kusema uongo katika karatasi hii. Unakwenda kulima mahindi yako. Tunakuombea afya, mavuno mema, na usingizi mtulivu, hata msimu wa mvua.

Mwl. Urbani Kapinga
Kwa niaba ya walimu na wafanyakazi wa shule