Bi. Nyevu Kalama, Kijiko Chake na Albamu za Mwaka

Ijumaa tarehe 30 Januari 2026, Bi. Nyevu Kalama atavua aproni yake nyeupe kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi katika ghala letu la chai la Bahari Njema, Shimanzi. Wasomaji wa idara nyingine huenda wanamjua kwa sauti tu: ile ya kufyonza chai kutoka kwenye kijiko, ambayo husikika mpaka kwa walinzi wa lango.

Aliajiriwa kuosha vikombe. Alihamishiwa meza ya kuonjea msimu ambao waonjaji wote wawili walishikwa na mafua kwa pamoja, na pua yake ndiyo iliyobaki wazi. Hakurudi tena kwenye karai. Mwaka 2009 akawa mwonjaji mkuu, na tangu hapo hakuna gunia lililotoka hapa kwenda mnadani bila yeye kulifyonza, kulifikiria na kulitema.

Nyumbani kwake Tononoka mambo ni mengine. Huko hunywa vumbi, yaani ile chai iliyosagika mno inayoanguka chini ya chekeche, ya bei ya chini kuliko zote tunazouza. Mumewe, Bwana Kadenge, mstaafu wa reli, humchemshia kila alfajiri kwa maziwa na iliki ya soko la Marikiti. Msaidizi wa Bi. Nyevu mezani, Bwana Ogutu, alialikwa huko mara moja akitarajia maajabu. Mpaka leo analalamika.

Lakini jina la Bi. Nyevu halitatajwa hapa kwa chai peke yake. Desemba 2011, Ogutu na Bi. Lamis wa uhasibu walibishana kuhusu albamu bora ya muziki ya mwaka ule. Ogutu alisema taarabu ya Lamis ni mwanamke mmoja anayemsema jirani yake saa nzima. Lamis, mzaliwa wa Mji wa Kale, akamjibu kwamba magitaa ya Ogutu ni wimbo mmoja ambao mtu amesahau kuuzima. Wakaacha kusalimiana, na kwa kuwa ofisi ina watu tisa, barua zao za kazi zikawa zinapitia kwa askari wa lango. Bi. Nyevu akawaita wote wawili mezani, waje na albamu zao.

Utaratibu aliouweka siku ile haujabadilika. Albamu iwe imetoka mwaka huohuo, maana chai kuukuu haipangwi na mpya. Kila moja inapewa nambari na dakika sita, muda uleule wa majani kukaa kwenye maji ya moto. Simu inayoipiga hufungiwa ndani ya sanduku la mbao lililojazwa magunia matupu, ili asijulikane mwimbaji, kabila lake wala jamaa yake. Bi. Nyevu husimama na kijiko, hufyonza hewa, husikiliza, kisha hutema kwenye chombo cha kutemea, ingawa mdomoni hamna kitu. Sisi wengine humfuata kwa zamu. Mnunuzi mmoja mgeni aliyetukuta katika hali hiyo aliuliza kama ugonjwa wetu unaambukiza.

Mwishowe albamu hupewa madaraja kama chai, kuanzia la kwanza mpaka vumbi, na ile ya kwanza hupigwa chumbani mwetu mwaka mzima. Uamuzi haukatiwi rufaa. Ogutu amewahi kuikata mara nne.

Desemba iliyopita, iliyokuwa ya mwisho kwa Bi. Nyevu, sampuli nambari saba ilileta msiba. Bwana Kadenge alikuwa ametoa albamu yake ya kwanza, *Goti Langu na Mimi*, nyimbo nane za kinanda, zote kuhusu goti lake la kushoto. Aliirekodi Majengo, juu ya karakana ya seremala, akampa Ogutu kwa siri ili mkewe ashangazwe. Ogutu aliiingiza bila wasiwasi, akiamini mke hawezi kukosa kuitambua sauti ya mumewe. Alisahau sanduku.

Bi. Nyevu alisikiliza dakika zote sita akatema mara mbili, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alisema imechelewa kuchumwa, imekaushwa kupita kiasi, na ndani yake kuna mtu anapiga randa. Vumbi. Sanduku lilipofunguliwa na jina kusomwa, alikipangusa kijiko chake polepole akasema daraja ni lilelile.

Habari ilifika Tononoka kabla yake. Bwana Kadenge hakugomba. Aliacha tu kuchemsha chai. Tena akatangaza kwamba hatakuja kwenye sherehe ya kumuaga mkewe, na kila mtu hapa anajua uzito wa jambo hilo: kwa desturi yetu, mwonjaji anayestaafu hutiliwa kikombe cha mwisho na mtu wa nyumbani kwake, na hicho hakitemwi.

Bi. Nyevu akawa anafika kazini na kinywa kikavu. Wiki ya pili ya Januari kila chai ya nchi hii ilikuwa na kasoro: hii ina moshi, hii imepoa roho, hii imekasirika. Meneja, akiuona mnada unakaribia, alimwomba aipandishe albamu ile daraja moja tu kwa ajili ya amani. Alikataa. Alisema akianza kupandisha madaraja kwa sababu ya nyumba yake, hakuna mnunuzi atakayeiamini sahihi yake tena, hata ile ya miaka iliyopita.

Jumapili tarehe 18, Ogutu na Lamis walikwenda Tononoka pamoja, na mahamri. Walimkuta Bwana Kadenge ameweka mguu wake juu ya stuli. Baada ya kujuliana hali kwa kirefu, akasema, “Vumbi, Ogutu. Mwanangu, nimeimba goti zima, nikapewa vumbi.”

Lamis alijaribu kumpoza kwa kuusifu wimbo wa nne. Bwana Kadenge akamuuliza wimbo wa nne ni upi. Lamis akala hamri.

Hapo ndipo Bi. Nyevu alipotokea mlangoni mwa jiko.

“Baba Charo,” akamwambia mumewe, “mchana kutwa naonja chai za watu wakubwa, na zote nazitema. Vumbi ndilo ninalolimeza. Sasa ulitaka nikutie kwenye zile za kutema?”

Bwana Kadenge akaushusha mguu chini, ule wenye goti lenyewe, akauliza kama iliki ipo.

Ilikuwapo. Jumatatu asubuhi chai zote za nchi zilipona.

Bwana Kadenge atakuja Ijumaa kumtilia mkewe kikombe cha mwisho, na ataimba wimbo mmoja. Uongozi umempa dakika sita. Lamis aliomba lile sanduku litumike, ombi limekataliwa. Sanduku na kijiko sasa ni vya Ogutu, ambaye ameahidi kwamba uamuzi wake hautakatiwa rufaa.

Bi. Nyevu, asante kwa ulimi usiopendelea mtu na kwa kutukalisha meza moja. Nenda nyumbani kwa afya na raha, ukae na mzee wako na goti lake, na kuanzia sasa kila utakachotiliwa, mama, ukimeze.