Mwalimu Aliyezidisha kwa Wimbo

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, niliyekaa na marehemu meza moja katika ofisi ya walimu, niwasomee maisha ya mwenzetu, ambaye wengi wenu mlimwita Kinanda na hamkujua kama ana jina jingine.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, kitindamimba wa fundi seremala na mama muuza mboga, akaanza shule ya msingi mwaka 1969, ambako alichapwa mara nyingi kwa kugonga dawati kama ngoma, mpaka mwalimu mmoja alipochoka kumchapa akampa filimbi. Alimaliza sekondari mwaka 1980, akapitia chuo cha ualimu, na tarehe 9 Januari 1984 akaripoti shuleni kwetu kufundisha hesabu na muziki, masomo ambayo yeye hakuwahi kuyatenganisha, hata ikafika siku msimamizi wa mtihani akaja ofisini akifoka, "Mwalimu, watoto wako wanaimba kwenye mtihani!" naye akamjibu taratibu, "Hawaimbi, mzee, wanazidisha."

Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi cherehani, ambaye mwenyewe hakatai kwamba sauti ya kuimba hakujaliwa, wakapata mabinti wawili, mmoja muuguzi, mwingine dereva wa lori.

Mwaka 2022 alipatikana na saratani ya koo, akafanyiwa upasuaji tarehe 9 Juni, ukamwachia uhai, ukamchukulia sauti. Aliporudi nyumbani redio ilizimwa, cherehani ikahamishiwa kibarazani, wageni wakaingia wakinyata, wote wakidhani wanamhurumia, mpaka asubuhi moja alipochukua chaki akaandika kwenye mlango wa kabati, "Kwani matanga yameanza?" Mkewe alicheka hadi machozi, kisha akaimba, kombo kama kawaida yake, na marehemu akawa anainua kiganja, juu, juu kidogo tena, hadi sauti ikakaa mahali pake. Muhula uliofuata alirudi kwenye kwaya ya shule, alikobaki kwa mkataba baada ya kustaafu, akafundisha kwa mikono na macho.

Januari mwaka huu wa 2025 ugonjwa ulirudi, na daktari hakutuficha, alisema huenda mwisho ukawa wa kupigania pumzi, na hilo ndilo lililotutisha kuliko kifo chenyewe. Haikuwa hivyo. Jumapili tarehe 11 Mei, alasiri, alikunywa uji, akamwashiria binti yake mkubwa afungue dirisha, akalala, akatutoka polepole, mkono wake ukiwa mikononi mwa mkewe, na shemeji alipokuja sebuleni tulipokuwa tumeketi, neno lake la kwanza lilikuwa, "Hakuteseka." Tunalia, ndugu zangu, lakini tumeshusha pumzi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliopokezana kumgeuza kitandani, na walimu wenzangu waliobeba vipindi vyake bila kuombwa.

Mwenzetu, kengele ya kutoka imelia, darasa liko salama, nenda, pumzika kwa amani.