Risasi Moja ya Mzee Sleyum

Nyuma ya majengo ya wizara pale Al Khuwair, Maskati, ubavuni mwa mkahawa mdogo, pana benchi la mbao lenye tofali mahali pa mguu mmoja. Ijumaa baada ya Alasiri, mwaka ule wa 2003, wenyewe walikuwa watatu: Awadh, aliyebandikwa jina la Hakika kwa sababu tangu azaliwe hajapata kusema “sijui”, Badr Mitambo, fundi wa viyoyozi aliyestaafu, na Bakhit, karani wa wizara, ambaye siku hiyo hata halua hakuigusa. Kiganjani alishika risasi moja, ya mwisho katika tano alizoshindilia marehemu babake, Mzee Sleyum, kwa baruti aliyoipima kwenye mizani ya sonara. Nne Bakhit kazipiga asubuhi ile kwenye shabaha, nje ya Ansab.

— Haya, akaanza Badr, ile mashine uliyoazima ya kupima mwendo wa risasi, imesemaje?

Bakhit akakunjua karatasi.

— Ya kwanza futi elfu mbili mia nne na kumi kwa sekunde. Ya pili mia nne na sitini. Ya tatu mia tatu na tisini. Ya nne mia nne na arobaini. Kila moja na njia yake! Zangu mie, nnazopima baruti chembe kwa chembe, zote mwendo mmoja.

— Mabruki, hongera zako, akasema Awadh.

— Mabruki ya nini, yakhe? Zangu zimetapakaa shabaha nzima. Za baba, matundu yote manne nnayafunika kwa finjani hii.

— Hakika ni moja, Awadh akainua kidole. Haraka haraka haina baraka. Zako zinakimbia mno.

— Wacha weye! Hazizidi za baba.

— Basi ni mashine, akasema Badr. Jua la Maskati limeitia wazimu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Nimeitilia kivuli kwa mwavuli wa mke wangu.

— Mizani! Awadh akapiga goti. Mizani ile imepima dhahabu za maharusi. Baruti imeona haya, ikajiweka sawa yenyewe.

— Au babako kajifunza shabaha Unguja, akasema Badr. Risasi yake imezoea hewa nzito ya karafuu. Hii kavu yetu inaipasua tu.

— Baruti kainunua hapahapa, Badr.

— Mwacha asili ni mtumwa, akajibu Badr, kama aliyefunga kesi.

— Mie nnasema zinajuana, akamaliza Awadh. Zimelala kabati moja miaka minane. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime!

Wakacheka, na Bakhit akacheka nao, kisha kicheko kikamkauka. Alikuwa na hamu na babake. Hakuwa akitafuta ushindi wowote. Alitaka kushindilia risasi moja tu itakayokwenda kama za mzee na kutua kama za mzee, ili kwa dakika moja adhani mkono ule bado upo. Na sasa hata nambari za mzee zilikuwa hazifuatiki.

— Ipige na hiyo ya tano, akashauri Awadh. Itakwambia.

— Asithubutu! Badr akamkemea. Ikilia, kitabaki nini cha babake?

— Kaa nayo basi, uizeekee!

Walipokuwa wakibishana akatoka mkahawani Harrison, Mkenya mpima barabara anayepanga ghorofa ya juu, chapati zake mkononi. Wakamsimulia yote, kila mmoja akivutia upande wake. Harrison akasikiliza mpaka mwisho.

— Samahani, wazee. Bunduki mzee alikuwa nayo, na risasi ni zake mwenyewe. Sasa hizi tano, alikuwa anangoja nini asizipige?

Awadh akamgeukia Bakhit.

Bakhit aliisikia simu ya miaka ile, sauti ya mzee ikiwa na furaha isiyofichika: “Bakhit, nimeshindilia tano. Unakuja tuzipige?” Na yeye, na faili zake za wizara: “Ijumaa ijayo, baba, inshallah.” Ikaja hiyo, na nyingine, na nyingine, mpaka Ijumaa moja simu haikulia.

— Nimekosea kuuliza? akasema Harrison.

— Hukukosea, mwanangu, akajibu Bakhit. Akainuka, akawaacha wenziwe bila kuaga.