Iteka na Oriki za Ukoo Usiomtaka

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Rexdale, Downsview na Lawrence Heights, mlioko jikoni na mlioko kazini na redio ndogo kando ya mashine, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Iteka Niyongere. Alifariki Jumanne iliyopita, hospitalini hapa Toronto, kwa saratani ya tumbo. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Ameacha mume, binti mmoja, na mdogo wake Armel, ambaye ndiye aliyetusimulia mengi mtakayoyasikia.

Wengi mlimjua Dada Iteka kwa kazi yake ya kuhudumia wazee. Mlimwona kituoni Kipling alfajiri, koti la bluu, mkoba begani. Wachache mnajua jambo hili: mwanamke huyu wa Buyenzi, Bujumbura, alizijua oriki za ukoo mmoja wa Wayoruba wa Nigeria kuliko wenye ukoo wenyewe.

Oriki ni nini? Ni sifa. Kwa Wayoruba, mtu ana jina lake la sifa, na ukoo una mistari yake mirefu, inayotaja walikotoka, walichokifanya, hata walichokikosea. Mama humwamkia mwanawe kwa oriki. Bibi arusi huagwa kwa oriki. Maiti huzikwa kwa oriki.

Iteka aliolewa na Gbolahan Adegbite, dereva wa malori. Walikutana kiwandani walipokuwa wakifunga mikate. Mwaka 2008 akazaliwa binti yao, Ireti. Mwaka 2011 akaja mama mkwe, Mama Morenike, kutoka Abeokuta. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ya kujaza chumba.

Asubuhi ya kwanza, Mama Morenike alitoka chumbani na kumkuta mwanawe sebuleni. Akasimama mbele yake. "Akanni," akamwita kwa jina lake la sifa, kisha akamwagia sifa za ukoo, mjukuu wa mwindaji aliyefunga mlango kwa mkia wa chui, mpaka Gbolahan, mwanaume mzima, akalia. Akamgeukia mtoto. "Ajoke," akamwita naye kwa jina lake la sifa, akambeba na kumsifu. Kisha akamwona Iteka mlangoni mwa jikoni, uso umejaa tabasamu, akisubiri zamu yake.

"Niletee maji," akamwambia.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Mwezi wa tatu, Iteka alijipa moyo akauliza. "Mama, na mimi jina langu la sifa ni lipi?"

Mama mkwe alimtazama bila hasira. "Sifa ni za mtu mwenye kwao," akasema. "Wewe kwenu nani amebaki wa kukutaja?"

Wazazi wa Iteka waliuawa vitani mwaka 1993. Mama Morenike alilijua hilo. Alikuwa ameambiwa wiki aliyofika.

Armel anakumbuka alivyomwambia dada yake ahame. "Alinijibu kwamba anataka kujifunza," anasema. "Nikamuuliza, kujifunza nini? Akasema, yale maneno. Alisema ni mazuri mno, hawezi kuyasikia kila siku asiyaelewe."

Basi alinunua daftari. Kila alichokisikia alikiandika kama kinavyotamkwa, kwa herufi za Kiswahili. Gbolahan alipokuwa nyumbani alimuuliza maana. Alipokuwa safarini aliwauliza wazee wa Kiyoruba kule kazini, huku akiwavisha soksi.

Siku Ireti alipotimiza miaka minne, mbele ya wageni wa Mama Morenike, Iteka alisimama amsifu mumewe. Alikuwa amejizoeza wiki mbili. Sasa, wasikilizaji, Kiyoruba ni lugha ya kupanda na kushuka kwa sauti. Neno la mume na neno la jembe ni karibu neno lile lile, sauti tu ndiyo inayoyatenganisha. Iteka alipandisha palipotakiwa patulie. Akamsifu jembe.

Wageni walicheka, si vibaya. Ingeishia hapo. Lakini Mama Morenike alimwambia arudie. Akarudia, akakosea. Akaambiwa arudie tena. Mara ya nne mama mmoja alisema basi, mwacheni. Tangu siku hiyo mama mkwe alimwita Mke wa Jembe, na kila wageni walipokuja alimwita atoke jikoni aje awasomee. Iteka alitoka. Alisoma. Kila mara alisoma vizuri kuliko mara iliyopita, na kila mara walicheka, kwa sababu walikuwa wamekuja wakijua watacheka. Gbolahan alikuwepo mara nyingi. Aliitazama sahani yake.

Mwaka 2018 kumbukumbu za Mama Morenike zilianza kupotea. Kiingereza ndicho kilichotangulia kuondoka. Alikataa kula, akakataa kuoga, akamuuma Iteka mkononi. Gbolahan alikuwa barabarani, siku kumi kwenda, siku kumi kurudi. Wifi yake Iteka, Bolatito, anayeishi Houston, alikuwa akipiga simu Jumapili tu.

Asubuhi moja, kijiko kikiwa hewani, Iteka alianza kumsomea mzee oriki za ukoo wa baba aliyemzaa. Mama Morenike akatulia. Akafungua mdomo. Mstari mmoja, kijiko kimoja. Iteka alipokosea sauti, mzee alimsahihisha, uji ukiwa bado mdomoni.

Ndivyo alivyomlisha miaka minne. Sifa, kijiko. Sifa, kijiko.

Na Mama Morenike akaanza kumwita Bolatito. Akambariki kwa jina la Bolatito, akamshika mashavu, akamwambia wewe ndiye mwanangu uliyenijali. Iteka aliitika. Siku moja mzee alimvuta karibu, akamnong'oneza, "Bolatito, yule Mke wa Jembe bado yumo humu ndani? Mtoe. Sitaki anione nikifa."

"Sawa, Mama," Iteka akasema. "Nitamtoa." Akampangusa mdomo.

Mama Morenike alifariki mwaka 2022. Iteka alikuwa amemtunza miaka kumi na moja. Nairudia, wasikilizaji. Miaka kumi na moja.

Mazishi yalifanyika katika ukumbi mmoja wa Downsview. Bolatito alifika na kijitabu cha ibada kilichochapishwa tayari. Humo waliorodheshwa watoto, wajukuu, hata binamu walio London. Jina la Iteka halikuwemo. Ukurasa wa mwisho, chini, paliandikwa: tunamshukuru pia mhudumu wa nyumbani.

Ilipofika saa ya kumsifu marehemu, hakuna mwanafamilia aliyezijua sifa zote. Bolatito alikuwa amemwalika msifu mmoja kutoka Brampton, naye alihitaji mistari ya ukoo. Gbolahan akaenda nyumbani, akafungua droo ya jikoni, akachukua daftari la mkewe. Hakumuomba.

Iteka alikuwa nyuma ya ukumbi akipakua wali. Akasikia maneno yake yanatoka kwenye spika. Msifu alikuwa akiyumba kidogo, maana tahajia ilikuwa ngeni kwake. Alipomaliza aliuliza kwa heshima, "Nani aliyeandika haya? Amefanya kazi kubwa."

"Ni daftari la mama yetu," Bolatito akajibu.

Gbolahan alikuwa amesimama kando yake. Daftari likaenda Houston. Iteka aliliomba mara tatu. Mara ya tatu akajibiwa kwamba mambo ya ukoo hukaa kwenye ukoo.

Mwaka huu, mwezi wa pili, madaktari walimwambia Iteka kwamba saratani imeenea. Mwezi wa tano Gbolahan aliingia wodini adhuhuri, simu mkononi. Binti wa Bolatito anaolewa. Wanataka bibi arusi aagwe kwa oriki, lakini kurasa za mwisho hazisomeki. Je, Iteka angeweza kuwasomea kwa simu, wamrekodi?

Armel alikuwepo. "Nilimwambia, dada, zima hiyo simu," anasema. "Akaniambia, yule bibi arusi hajanikosea."

Alisoma kwa kichwa dakika arobaini. Mara mbili alitua apate pumzi. Hakukosea sauti hata moja. Alipomaliza, Bolatito alimuuliza kaka yake kama imerekodiwa vizuri. Akasema asante, Gbolahan. Simu ikakatika.

Iteka alizikwa Jumamosi. Waimbaji wa kanisa waliimba kwa Kirundi. Kabla jeneza halijashushwa, Gbolahan alisogea mbele, akafungua mikono, akaanza kumsifu mkewe kwa maneno ya ukoo wa Adegbite.

Ireti ana miaka kumi na saba. Mama yake alimzungumzisha Kiswahili, yeye akamjibu kwa Kiingereza, kama watoto wetu wengi. Siku hiyo alisema kwa Kiswahili, wote wakasikia: "Baba, keti."

Akaketi.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Ireti. Tunawapa pole Armel na Warundi wote wa Toronto. Tunampa pole Gbolahan pia, ambaye alitupa ruhusa ya kusimulia haya yote na hakuomba tuondoe lolote. Matanga yanaendelea nyumbani kwa Armel, barabara ya Islington, mpaka Jumapili.

Na ninyi mnaosikiliza, mtazameni aliye nyumbani kwenu, yule aliyetoka kwingine akawatumikia. Mnajua nini juu yake? Tulimuuliza Armel angependa dada yake akumbukwe kwa lipi. Akasema: "Baba ndiye aliyempa jina. Iteka, kwa Kirundi, ni heshima. Miaka kumi na moja na mama mkwe, ishirini na mumewe. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumuuliza jina lake lina maana gani."