Agnela Philemoni Nnko, Aliyerudisha Kazi ya Mkuu Wake

Marehemu Agnela alizaliwa Akheri tarehe 9 Juni 1984, mtoto wa tatu wa Mzee Philemoni na Mama Theresia. Alisoma shule ya msingi hapa hapa Akheri, 1992 hadi 1998, kisha sekondari Moshi. Mwaka 2006 alipata stashahada ya kompyuta mjini Arusha.

Mwaka 2009 aliajiriwa na kampuni moja ya Ngarenaro iliyotengeneza programu za zahanati. Kazi yake ilikuwa kusoma marekebisho ya wenzake kabla hayajaingizwa kwenye programu. Mstari wa programu uliokaa upande aliurudisha kwa mwandishi wake. Wapo hapa waliorudishiwa mara saba, na leo wamebeba jeneza lake.

Tarehe 18 Agosti 2012 alifunga ndoa na Prosper Kaaya. Shemeji anakiri kwamba kadi za harusi zilirudi kwa mchapaji mara tatu.

Wenzake kazini walisema analazimisha anachopenda yeye. Si kweli, na nasema mbele ya kaburi lake. Mwaka 2015 ofisi ilipiga kura: mistari ya programu isogezwe ndani kwa nafasi nne tupu, au kwa kitufe kimoja cha kompyuta kiitwacho Tab? Agnela alitaka nafasi nne, akashindwa kura tisa kwa mbili. Alinuna wiki nzima. Kisha akailinda Tab kuliko hao tisa.

Machi 2021 mkuu wake alileta marekebisho yake mwenyewe, amechanganya ovyo nafasi na Tab.

"Dada Agnela, pitisha tu, mbona inafanya kazi."

"Leo inafanya, bosi. Atakayekuja kuisoma baada yetu tunamwachia nini? Na kura tulipiga wote."

Akairudisha. Ijumaa ya wiki ile akafukuzwa.

Alianza kuugua figo mwaka 2022. Januari mwaka huu aliniagiza mimi, mdogo wake Ephraimu, niandike wasifu huu nimpelekee wodini. Niliandika kwamba aliacha kazi kwa hiari. Akanirudishia karatasi.

"Sikuacha, Ephraimu. Nilifukuzwa. Andika hivyo."

Alifariki Jumatatu, tarehe 3 Februari 2025. Juzi kamati ya mazishi iliniomba niitoe sentensi hiyo, kwa kuwa mkuu wake angehudhuria. Sikuitoa. Karibu, bosi, umefanya vizuri kuja.

Ameacha mume, watoto wawili, Anna na Elia, mama yetu Theresia, na ndugu wanne. Apumzike kwa amani Agnela, na sentensi yake isiguswe.