Mama Danielle, Aliyeonja Kwanza Sokoni Nyaruhembe

Ndugu, majirani, na ninyi mliotoka Nyaruhembe tangu alfajiri: tunayemzika leo hapa Bujumbura ni Geneviève Ntirampeba, mliyezoea kumwita Mama Danielle.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1958 Nyaruhembe, wakati makao makuu ya komine, wilaya ya kwetu, yalikuwa ofisi moja ya matofali, kanisa na mzani wa kahawa. Mji mzima ulikula kwa mzani huo. Alisoma palepale hadi mwaka 1972, baba yake, mwalimu, alipopakiwa na askari kwenye lori akiwa bado na chaki mkononi. Hakurudi. Binti akaacha shule, akaanza kukamua ndizi za pombe na mama yake. Pombe yake haikuumiza kichwa, ilimaliza miguu tu.

Mwaka 1986 alifunga ndoa na Gélase, mpima kahawa. Mbuzi wa harusi alimkimbiza bwana harusi hadi mlango wa kanisa, na bibi harusi alicheka mpaka padri akakohoa.

Ijumaa, tarehe 22 Oktoba 1993, siku moja baada ya rais kuuawa, soko lilichomwa moto mchana kweupe. Gélase alikatwakatwa kwa panga penye mzani, damu ikalowesha magunia ya kahawa. Aliyeshika panga hakuwa mgeni. Alikuwa Bonfils, jirani aliyemletea kahawa kila msimu! Mama Danielle aliinua mkono kumkinga mumewe, panga likaondoka na vidole viwili. Alikimbia akiwa mjamzito, Danielle mgongoni, hadi Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa Bujumbura. Mwanne, muuza vipuri, alimfungulia mlango: "Ingia, dada. Hapa hakuna mutu atauliza we ni nani." Ndiyo maana marehemu alilia kwa Kirundi na kugomba kwa Kiswahili.

Aliporudi Nyaruhembe mwaka 2005, soko lilikuwa majani matupu. Watu wa pande zote mbili za mauaji yale walileta mizigo, wakarudi nayo. Nani ale au anywe kutoka mkono uliomchinjia ndugu? Kila mtu aliogopa sumu. Bila soko mji ulikuwa unakufa, na watoto wa Mama Danielle walikuwa wanalala njaa.

Basi akaweka mtungi wa pombe katikati ya uwanja. Bonfils, aliyekuwa ametoka jela, alisimama mbali. Kwetu, anayetoa kinywaji huonja kwanza, mgeni aone hakina kitu. Mama Danielle akavuta mrija, akameza, akamgeuzia kwa mkono ule wenye vidole vitatu.

"Kunywa."

"Mama Danielle, apana. Mi siwezi."

"Kuua uliweza, kunywa ndo kunakushinda? Kunywa, watu wauze!"

Bonfils alikunywa, na kabla jua halijashuka chumvi na ndagala, wale dagaa wa ziwani, vilikuwa vimeuzwa. Lakini mtu asijidanganye kwamba alimsamehe. Alisema hadi mwisho: "Mi nilifungua soko, sikufungua moyo." Na kila Ijumaa alionja, akampa.

Kisukari kilimsumbua miaka mingi, mguu ukakatwa. Aliaga dunia Jumanne iliyopita nyumbani kwa Danielle, Kamenge. Alikuwa ameagiza hivi: "Siku ya kunizika, mtungi utoke Nyaruhembe, na Bonfils apewe. Mukimunyima, Ijumaa hakuna soko."

Ameacha binti yake Danielle, mwanawe Valéry aliyezaliwa Buyenzi na hakumjua baba, wajukuu sita, na Mwanne, dada asiye wa damu.

Mtungi umefika, uko pale chini ya hema. Bonfils naye amekuja, amekaa nyuma kabisa. Msijifanye hamkumwona. Danielle, anayewasomea maneno haya, tangu jana anasema hataki, na hata sasa hataki. Tukimaliza kufukia, ataonja yeye kwanza, kisha atamgeuzia mrija.

Lala salama, Mama. Ijumaa soko lipo.