Nani Anamshauri Nani

Kwenye basi la asubuhi, mama mmoja mwenye karakana ya kushona sare za shule alikaa mbele yangu, akimweleza shida zake mwanamume asiyemjua aliyekaa kando yake. "Kaka yangu, nimemwajiri mshauri wa biashara, lakini nikimuuliza nifanye nini, naye ananiuliza kwa nini wateja hawarudi. Sasa nani anamshauri nani?"

"Na sababu unaijua?"

Mama akashusha sauti, nami nikatega sikio. Mkata vitambaa ni wifi yake, na suruali anazokata zina mguu mmoja mrefu.

"Mshauri umemwambia?"

"Mambo ya ndani nimwambie mgeni? Mume wangu atasemaje?"

"Dada, mficha uchi hazai. Atakushauri vipi kwa nusu ya habari?"

"Nikimwambia, atasema nimwondoe wifi. Nisipomwambia, karakana inakufa. Mshauri mzuri si angejionea mwenyewe?"

Mwanamume akamgeukia.

"Sasa hivi huyo mshauri yuko wapi?"

"Karakanani, ananisubiri. Wifi anampikia chai."

Basi likasimama. Mama akainuka, akakaa tena. Kondakta akamwambia kituo chake ndipo hapo, naye mama akashuka.